UZI: Tuliokulia Kigoma, mnazikumbuka siku za mbalamwezi?

#1. Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu hapa Dar, kama saa mbili usiku. Nikatoa viti nje, wanangu wawili wakanifuata na tochi za simu. Nikawaambia wazizime. Mwezi ulikuwa mpevu, umekaa juu ya paa la jirani, na yule mdogo wa miaka saba akaanza kukimbia huku na huku akiangalia chini. Akaniuliza, "Baba, kumbe hata mwezi unatoa kivuli?" Miaka saba, na hilo hajawahi kuliona. Usiku ule usingizi ulinipita, ndiyo maana ya uzi huu.

Nilizaliwa Kigoma mwaka 1980 na nikakulia karibu na Kibirizi, kwenye mwalo, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Kwa asiyepajua: Kigoma ndiyo mwisho wa Reli ya Kati. Reli ilifika pale mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Mbele ya stesheni kuna bandari, mbele ya bandari kuna Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo. Mvua zikinyesha hewa inatakata, unaiona ile milima mpaka mikunjo yake. Kiangazi, watu wakichoma mapori, inamezwa na moshi kabisa, na ukiwa mtoto mdogo unaamini ziwa halina mwisho.

Sasa nije kwenye mbalamwezi. Dagaa wetu wanavuliwa gizani. Mitumbwi inatoka jioni na taa, dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga umeshaenea ziwa zima, dagaa hawana haja ya kuja kukusanyika kwenye taa yako. Kwa hiyo kila mwezi, karibu wiki nzima, mitumbwi inalala mchangani. Wavuvi wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala mchana. Na fedha ya mji nayo inalala.

Mzee wangu hakuwa mvuvi, alikuwa fundi karabai. Vijana wa sasa huenda hamuijui: taa ya mafuta ya taa, unaijaza upepo kwa pampu, ndani ina kifuko cheupe ambacho kikishaungua mara ya kwanza kinabaki kama utando wa buibui. Kinatoa mwanga mweupe mkali, lakini ukikigusa tu kinamwagika majivu. Mbalamwezi ikiingia ndipo kazi ya mzee ilipopamba moto, maana taa zote zilikuwa nchi kavu. Ukumbi wetu ulijaa karabai thelathini, arobaini, zimepangwa ukutani kama watoto wanaosubiri chanjo. Nilifundishwa kuzibua tundu la mafuta kwa sindano nikiwa na miaka minane. Harufu ya mafuta ya taa mpaka leo nikiisikia mahali, mwili unajua ni siku gani ya mwezi.

Na katika wiki hiyo hakuna hata mmoja aliyelipa. Mzee alikuwa na daftari la hesabu, lile la viboksi, anaandika taa ngapi na nini kimebadilishwa. Fedha ingekuja giza likirudi. Na kwa kuwa yeye hakulipwa, mama alikopa unga wa muhogo dukani, na mwenye duka naye alikuwa anadaiwa na mwenye lori aliyeleta unga, na mwenye lori alijua kabisa kwamba Kibirizi hakudaiki mtu mpaka mbalamwezi iishe. Deni lilizunguka mji mzima na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu wote walikuwa wamekaukiwa siku zile zile.

Halafu sisi watoto. Wiki hiyo hiyo ambayo wakubwa hawakuwa na kitu, sisi ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Mtaa mweupe kama mchana, baba wote wapo nyumbani, wamekaa barazani. Tulicheza kombolela mpaka tunaitwa kwa majina ya ukoo. Kopo linapigwa teke, anayetafuta analifuata, wengine tunajificha nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, na ukikamatwa unasubiri mwenzako mmoja mwenye mbio aje alipige kopo tena muwe huru wote. Kujificha kwenye mbalamwezi ni kazi kweli, kivuli kinakusaliti. Ndiyo maana swali la mwanangu lilinichoma. Kivuli cha mwezi kwangu mimi ni kitu nilichokuwa napambana nacho, nakikunja chini ya mtumbwi nisionekane.

Watu wakisifia miji midogo wanasema ina utulivu. Siukumbuki utulivu huo. Kibirizi saa moja asubuhi, siku za giza, ilikuwa kelele tupu: mitumbwi inaingia, akina mama wameingia majini na mabeseni wanagombania bei, kunguru juu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua mabichi, akayaanika mchangani, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kufukuza kunguru na mbuzi. Mvua ikishuka ghafla mtaa mzima ulikimbilia mwaloni, hata wasio na dagaa, kukusanya. Hakuna aliyeuliza hizi za nani.

Ninachokitamani ni hicho: shida ilikuwa inajulikana siku ya kuja na siku ya kuondoka, na ilikuja kwa wote. Hapa Dar mimi nakaukiwa tarehe yangu, jirani yangu anakaukiwa tarehe yake, na tunapishana getini tunasalimiana vizuri tu. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Sijui ni lini kwake hakupikwi.

Karibuni, tuliokulia kule na hata waliokulia kwingine.

#2

Mkuu, umenipeleka moja kwa moja sokoni Mwanga, pale pale Kigoma. Ongeza sabuni ya gwanji, ile ya mawese tuliyofuliwa nayo sare za shule. Ongeza mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, ule wa kuvutika. Mimi naishi Mwanza, samaki hapa wapo wengi, lakini mgebuka haupo, na sato siyo ndugu yake hata kidogo.

Na treni je? Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Treni ikitoka Dar tulijua imefika wapi kwa kuhesabu siku. Usiku wa kwanza, usiku wa pili, ikishapita Tabora mama anaanza kuchemsha maji. Abiria wakishuka unajua kila mmoja amepitia wapi kwa alichobeba: asali ni Tabora au Kaliua, chumvi ni Uvinza. Sisi watoto tulienda stesheni bila kumpokea mtu yeyote. Tulienda kuona nani kaja.

#3. Mleta uzi

Kuona nani kaja! Ndugu yangu, umesema kitu. Ilikuwa ni habari ya mji mzima. Mgeni akishuka na sanduku, kabla hajamaliza ule mlima, nyumba anayoifikia imeshapata taarifa na jiko limewashwa.

Na redio. RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ikianza matangazo ya vifo, mtaa unanyamaza, hata anayetwanga anasimamisha mchi. Kuna waliopata msiba wa Dar au wa Tabora kwa njia hiyo, wamesimama barazani kwa jirani kwa sababu kwao hakukuwa na betri. Angalau hawakuusikia wakiwa peke yao.

#4

Nasoma toka juu, na nitasema lililo moyoni, mniwie radhi.

Mimi ni mwanamke, nimekulia Ujiji. Kila kitu mnachokisema ni kweli. Maembe ya Ujiji nayakumbuka, dagaa nayakumbuka, kombolela nimecheza. Lakini mji ambao jiko linawashwa kabla mgeni hajafika ni mji ambao unajua pia mambo mengine kabla ya mwenyewe kuyasema.

Mwaka 1994 dada yangu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Alimwambia mama jioni. Asubuhi nilipopita sokoni watu wawili walinipa pole. Shule ikamfukuza, ndiyo ulikuwa utaratibu wa nchi nzima, na ruhusa ya mabinti waliojifungua kurudi darasani ilikuja kutolewa Novemba 2021. Dada yangu mwaka huo alikuwa tayari ni bibi. Katikati hapo aliishi kwenye mji ambao kila anayemsalimia anajua. Watu wale wale waliotukopesha unga siku za mbalamwezi ndio waliokuwa wanahesabu miezi ya tumbo lake.

Mimi nilipopata nafasi ya kuondoka niliondoka. Siku ya kwanza Dar nilipanda daladala, hakuna aliyenijua, nikalia kwa furaha. Huyo jirani unayesema hujui kwake kunapikwa lini, kwangu mimi alikuwa dawa.

#5. Mleta uzi

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu mchana ndipo naandika.

Darasani kwetu walikuwepo wasichana watatu ambao siku moja madawati yao yalibaki wazi. Tulijua sababu, sote, mpaka wadogo wa darasa la nne. Tukaendelea na kombolela. Sikuwahi kuwaza kwamba mtaa ule ule uliokuwa mweupe kwangu usiku, kwao ulikuwa hauna pa kujificha. Mtoto wa kiume hakutozwa bei hiyo. Nakubali.

Ninachoshindwa ni kuvitenganisha. Mwenye duka alimkopesha mama kwa sababu alijua kila kitu chetu: nani anamdai mzee, nani anaumwa, nani kaondoka. Asingejua, asingekopesha. Ujuzi ule ule ndio uliomfikisha dada yako sokoni kabla ya alfajiri.

Jambo moja nimelikumbuka kwa sababu yako. Mzee kwenye daftari lake hakuandika jina la mtu. Aliandika jina la mtumbwi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wewe unasoma na mtoto wake darasa moja." Alitaka hata mimi nikilifungua daftari nisione baba wa nani anadaiwa. Mitumbwi tuliijua yote na wenyewe tuliwajua, kwa hiyo ilikuwa stara ndogo. Lakini aliiweka.

#6

Nimekuelewa, kaka, na Mungu amrehemu mzee wako kama ametangulia. Alikuwa muungwana.

Ila dada yangu hakuwa na mtumbwi wa kuwekea jina lake.

#7

Hapo #6 nimesimama kusoma kwanza.

Mimi ni wa upande wa kaskazini mwa ziwa, Uvira ya Kongo, sasa naishi Nairobi. Kwetu tunasema ndagala, na huo mgebuka wenu sisi ni mukeke. Nilifikiri mwezi ni jambo letu peke yetu! Na sisi biashara ilisimama mwezi ukiwa mkubwa, na sisi watoto tulicheza. Usiku wa giza tulikuwa tunakaa juu ya jiwe kuhesabu taa ziwani, na hatukujua zipi za Kongo na zipi za Burundi. Bibi yangu alisema taa haina kitambulisho.

Halafu vita vikaja, mwaka 1996. Waliovuka ziwa walivuka, na wengi walipokelewa huko kwenu Kigoma. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Tulikaa siku kadhaa kwa mama mmoja kabla ya kupelekwa kambini. Mbalamwezi ilikuwa imefika, nakumbuka, maana alitwambia dagaa hakuna, tutakula maharage. Alituomba msamaha kwa maharage! Sisi tulikuwa na siku mbili hatujala.

Kwa hiyo dada wa Ujiji nakusikia, na maumivu yako ni ya kweli. Lakini mji ule ulinijua bila jina.

#8. Mleta uzi

Ndugu yangu wa Uvira, 1996 nilikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani kwetu walilala watu kumi na wanne, kwenye ule ukumbi wa karabai. Taa tulizihamishia nje. Sitauliza zaidi, lakini kama ukutani paliandikwa majina ya mitumbwi kwa mkaa, basi mama huyo ni wangu.

#9

Mimi ni kijana tu, nimezaliwa 2001, tena Dodoma, huko ziwani sijafika. Swali langu kwa heshima: wakubwa zangu, kama mnapapenda hivyo mbona hamrudi? Kila mtu anayesifia mji mdogo anasifia akiwa mjini mkubwa. Mzee, karabai bado zipo?

#10. Mleta uzi

Swali la haki, mdogo wangu, nitalijibu lote.

Karabai hazipo. Taa za betri na sola zilipoingia, wavuvi wakafanya hesabu: hakuna mafuta ya taa ya kununua kila usiku, hakuna kifuko cha kumwagika majivu wimbi likipiga. Walifanya vizuri, nami ningefanya hivyo hivyo. Mzee alipofariki mwaka 2013 ukumbini zilibaki taa mbili, zote zake. Daftari halikuwa na ukurasa mpya tangu miaka mitatu nyuma.

Kwa nini sirudi: watoto wanasoma hapa, mke wangu kazi yake ipo hapa, na mimi natibiwa figo kwa daktari aliye hapa. Mji mdogo una mengi, lakini ukihitaji mtaalamu wa ugonjwa mmoja maalumu, ugonjwa hausubiri safari ya kilomita 1,200. Mama yake mzee, bibi yangu, tulimpoteza njiani, kwenye behewa, kabla ya Tabora. Hilo nalo ni la Kigoma yangu, sikuliandika kule juu kwa sababu nilikuwa naandika nilichokikumbuka kwa furaha.

Lakini naenda, na safari moja nataka kuisimulia.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia walikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, maana walikuwa wamepungua kila upande. Mama ana miaka sabini na sita, hauzi dagaa tena, ila nilipompigia simu Julai sauti yake ilikuwa ya wiki ya mbalamwezi. Nikamuuliza kama anahitaji kitu. Akasema, "Hapana, tuko wote hivyo hivyo." Nikajua naenda.

Nilifika kwa basi 14 Agosti. Kibirizi kumejaa mitumbwi kuliko nilivyowahi kuiona, kwa sababu hakuna hata mmoja uliokuwa majini. Kesho yake jioni mwalo mzima ulikuwa watu. Watoto, akina mama na mabeseni matupu, wazee waliofuata viti vyao. Tatizo ni kwamba serikali ilikuwa imefungua ziwa, lakini mwezi ulikuwa haujafungua. Ulikuwa unaelekea kupevuka, ulipevuka 19 Agosti, na jioni ile ulikuwa juu tayari kabla jua halijazama.

Vijana wengine waliingia hivyo hivyo, miezi mitatu ni mingi. Wazee wakasema wasubiri utue. Nikamwambia mama twende tukalale, akakataa. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nimemfunika kitenge na koti langu. Watoto wakaanza kombolela pale pale mchangani, usiku wa manane, na hakuna mzazi aliyewafukuza. Nilimwona mmoja anakunja miguu yake kivulini mwa mtumbwi wetu, akaniwekea kidole mdomoni nisimtaje.

Ikikaribia saa kumi alfajiri mwezi ukashuka nyuma ya milima ya Kongo. Jua la Kigoma huchelewa, linachomoza kama dakika arobaini baada ya la Dar, kwa hiyo palikuwa na giza la saa moja na nusu hivi, siyo zaidi. Likashuka ghafla. Halafu ziwani ikawaka taa moja, ikawaka ya pili, zikawaka mfululizo mpaka huwezi kufuata. Nyeupe, kali kuliko za mzee.

Mama alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo. Alipofika hamsini na kitu akaacha, akaniuliza kama nimekuja na beseni.